Jino Ambalo Kamati Haikulisugua: Maisha ya Mzee Nyamweya Makori

Marehemu Mzee Nyamweya Makori alizaliwa Nyacheki mwaka 1917, kifungua mimba wa Mzee Makori na Mama Mong'ina. Alisoma mpaka darasa la nne. Wengi waliomcheka baadaye hawakufika hapo.

Mwaka 1938 aliajiriwa na hospitali ya misheni kumsaidia daktari wa meno. Mwaka 1945 alimng'oa mama mmoja jino, kisha akamposa bintiye, Bochaberi. Jino la pili lilipomuuma yule mama, ikawa mwiko: mkwe hatazami kinywani mwa mama mkwe. Mama alitembea mpaka hospitali nyingine, akilalamika njia nzima kwamba aliozesha mapema.

Mwaka 1964 marehemu alipata shamba Nyansiongo. Agosti 1967, akichimba choo, alikuta taya la mtu wa kale, meno yamelika yakawa bapa, yameshikwa na ukoga mgumu kama jiwe. Alisema watu hao walitafuna mizizi na mbegu zilizosagwa juu ya jiwe, zenye mchanga, na kwamba mabaki ya chakula hicho yalinaswa ndani ya ukoga.

Kijiji kikaunda kamati ya kumpokea mtaalamu kutoka Nairobi, aje kulichunguza taya. Kamati nyingine huwa zinakula tu. Hii ilitaka pia kufanya kazi, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mwenyekiti, Bwana Obwocha, aliyeketi pale mstari wa mbele, alichukua majivu na mchanga akaanza kulisugua taya.

"Bwana mwenyekiti, huo uchafu ndio chakula chao," marehemu alimwambia.

"Basi ule wewe! Mgeni aone meno machafu, aseme Abagusii hatujui maji?"

Mtaalamu alikuta taya linang'aa kama sahani ya harusi. Akasema hapa hakuna cha kusoma, akapanda gari lake. Kamati ikatangaza kwamba watu wa kale walikula nyama tu, na kwamba Nyamweya ni mwongo. Kwa miaka tisa sokoni aliitwa Daktari wa Wafu. Mimi mdogo wake nilimwambia aachane na jambo hilo, halina faida. Hakusikia.

Kumbe gego moja lilikuwa limechomoka siku ya kuchimba, naye alilificha ndani ya chupa ya dawa. Mwaka 1975 alilikabidhi kwa mtafiti mwingine, Bi. Mariam Osman. Januari 1977 barua ikafika: chini ya hadubini, ukoga ule ulikuwa na nyuzi za mimea na maganda ya mbegu za nyasi.

Marehemu alikuwa tayari anaugua ini. Alinisomea barua mara mbili, akamaliza chai yake.

"Wameandika mimea, Ratemo. Sasa niache nilale."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 1977. Amemwacha mjane, Bochaberi. Watoto Kwamboka, Machogu na Nyangate. Na mimi, Ratemo, mfanyabiashara wa ndizi Nyamarambe.

Kamati imeomba dakika kumi leo izungumzie "ugunduzi wetu". Familia imekataa. Maji yako karibu na jiko, na kuosha wanajua. Wanawe mikono, wale chakula, waende.

Lala, Nyamweya. Hakuna atakayekusugua.