Mama Kunigunda na Mashimo ya Mlimani

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: uvumi wa makaburi niliuanzisha mimi. Mkuu wa Shule aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu, kwa sababu natunza maktaba, sikujua niuandikeje bila kulisema.

Mama Kunigunda Nchimbi, muuguzi wetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1998, baada ya kuitumikia zahanati ya shule miaka ishirini na saba. Alianza dawa zikiwa za bure. Sasa wazazi wanachangia, naye bado huwapa panadol wasiochangia, huku akiwafokea. Wanaougua siku ya mtihani wa hesabu huwanywesha uji bila sukari, kisha huwarudisha darasani.

Machi mwaka jana mafua yaliangusha bweni zima. Nilikuwa nimesoma kitabu kuhusu mafua makuu ya 1918, yaliyoua watu wengi hata wachimba makaburi wakakosekana. Asubuhi moja, nikiwa na homa, niliona dirishani akina mama wakichimba mashimo mlimani, safu kwa safu. Mama Kunigunda alisimama nao. Nikamwambia Jacqueline, binti wa karani aliyehamia kutoka Tabora, "Wanatuandalia." Kufikia saa nne wasichana thelathini walikuwa wamekimbia, wengine bila viatu.

Yalikuwa ngoro tu, mashimo ya kilimo cha huku milimani. Wamatengo, wenyeji wa hapa, hupanga nyasi zilizofyekwa, akina mama huzifukia, panabaki mashimo ya kuzuia maji, na maharage hupandwa kandokando. Mimi natoka Lundo, ziwani, sikuyajua. Lakini hata sikujiuliza ni wapi wanawake huchimba makaburi! Mama Kunigunda alikuwa amewafuata kuomba mchaichai wa chai yetu.

Wasichana waliokimbia aliwafuata kwa miguu hadi kijiji cha Kitura. "Nyie wanangu, mnakimbia maharage?"

Hakufa mtu. Ila wazazi walilalamika, na bodi ya shule, ikiamini uvumi ulitoka kwake, ikampa barua ya onyo kwa kuwatia wanafunzi hofu. Barua ingali kwenye faili lake, na atastaafu nayo. Aliniuguza siku nne, akinipangusa jasho, na hakuniuliza kitu. Sijui kama alijua. Wala sielewi kwa nini nilinyamaza.

Mama, asante kwa miguu yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya, bei nzuri ya kahawa yako, na wageni kila Jumapili.

Mkuu wa Shule alipousoma wasifu huu hadi hapo juu, alisema ili barua ile iondolewe, bodi itahitaji maelezo yenye sahihi. Nikayaandika, nikatia jina langu, Ephrasia Ndomba, Kidato cha Tatu. Jumamosi nilitembea hadi Mpepai kwa mwenyekiti wa bodi, nikamwamkia, nikamkabidhi maelezo yangu.