Mke Mwenza Aliyesajiliwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Na asifiwe mara nyingine na ninyi mliokaa nyuma, mnaosubiri nianze kuumbuka. Wazee wangu, shikamooni. Mliotoka Samuye, kijijini kwa mume wangu, mwangaluka. Wengi mnanijua, mimi ni Mama Kulwa, fundi cherehani hapa Geita mjini. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyoiokoa nyumba yangu, na nasema mapema kabisa kwamba aliiokoa kwa kutumia wivu. Naona Mchungaji amekunja uso. Mchungaji, nivumilie.

Ndugu zangu, mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nilipookoka niliacha masengenyo. Niliacha hata kuwaambia wateja kwamba nguo yao inapigwa pasi wakati kitambaa hakijakatwa. Wivu ukabaki palepale.

Mume wangu, Baba Kulwa, ni mwalimu wa kemia katika shule ya binafsi. Jumamosi alikuwa akienda Rwamgasa kuwashauri wenye mitambo ya kuchenjua dhahabu: dawa iwekwe kiasi gani, mchanga ukae kwenye matangi muda gani. Alifanya hivyo kwa jina lake mwenyewe, na wakimlipa analeta nyumbani tunakula. Siku moja akaniambia anataka kufungua kampuni, ile inayoitwa limitedi. Sababu yake niliijua. Alipokuwa mdogo, baba yake alifanya biashara ya pamba, mambo yakaharibika, wadai wakaja Samuye wakafungua zizi. Walitoka ng'ombe wote, hata yule wa maziwa ya watoto. Baba Kulwa hajawahi kuusahau mlio wa ng'ombe wale wakiondoka. Alitaka pawe na ukuta kati ya kazi yake na watoto wake.

Akanipeleka kwa wakili mmoja kijana nielezwe. Yule kijana akafunga vizuri tai yake, akasema, "Mama, kampuni ni mtu mbele ya sheria. Ina jina lake, ina mali yake, ina madeni yake. Ninyi ni ninyi, yenyewe ni yenyewe."

Ndugu zangu, mwingine angesikia sheria. Mimi nilisikia kwamba mume wangu analeta mtu. Mtu mwenye jina, mwenye akaunti benki, atakayekaa na mume wangu kila Jumamosi! Nikauliza jina lake nani. Baba Kulwa akajibu kwa sauti ya chini kwamba ameipa jina la bibi yake, Kabula. Moyo ukawaka. Nimemzalia mtu huyu mapacha, Kulwa na Doto, na hajawahi kuita kwa jina langu hata genge la nyanya. Leo bibi, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kuusifu ugali wangu, ndiye anayepewa kampuni.

Wakili akasema sheria inataka wanahisa wawili. Nikatia saini mimi. Sikusaini kwa upendo, ndugu zangu, nilisaini kama mlinzi. Ukiletewa mke mwenza, bora ukae mlangoni umwone anavyoingia.

Basi nikaweka masharti. Pikipiki ya Kabula isilale uani kwangu. Simu ya Kabula isilie mezani kwangu. Fedha ya Kabula isininunulie hata chumvi. Baba Kulwa akapanga chumba mtaa wa pili, kwa fundi redio, vitu vyote vikakaa huko. Siku moja akaja na sangara mzuri, mnene, amefungwa kwenye gazeti. Nikamwuliza, "Huyu ni wa mshahara wa shule au wa Kabula?" Akasema Kabula amelipwa leo. Nikamrudishia samaki wake. Nikamwambia, "Kama kuna chako kwake, alipe kwanza yeye mwenyewe kodi zake, akulipe posho yako kwa kusaini, ipite benki, iingie kwenye akaunti yako. Hapo nitapokea kama mke." Alichukua sangara akaondoka. Nasikia fundi redio alikula vizuri.

Ndivyo tulivyoishi. Jirani yangu Mama Shija alikuwa akipita asubuhi ananitania, "Kabula ameamkaje?" Nilicheka kwa meno tu. Kilichoniuma zaidi ni mashati. Kwangu Baba Kulwa alishinda na fulana iliyotoboka kwapani, lakini kwa Kabula alivaa shati la mikono mirefu, limenyooshwa, na lile shati nimelishona mimi! Nilikuwa nikimwona anavyotoka anapiga mluzi, natamani kumfuata. Nikafunga na kuomba. Sikuomba kwa mafumbo, niliomba hivi: Bwana, mwondoe Kabula.

Sasa sikilizeni. Kuna mzee mmoja mfanyabiashara wa Rwamgasa, Mzee Hamisi, mtu wa heshima, mwenye mtambo wake. Alikuwa amenunua rundo kubwa la marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza lakini bado una dhahabu kidogo ndani yake. Akaingia mkataba na Kabula ashauriwe. Baba Kulwa alichukua sampuli upande mmoja wa rundo. Upande wa pili ulikuwa mchanga wa aina nyingine kabisa, na hakuupima. Simtetei, alikosea, na yeye mwenyewe yupo hapa anatikisa kichwa kukubali. Dawa ikamwagwa, matangi yakajaa, na dhahabu ikagoma kutoka. Mtaji wote wa mzee yule ukapotelea mle.

Akaja nyumbani kwangu na pikapu, vijana wa kubeba na wakili wake, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani. Nilikuwa barazani nashona sare za shule. Nikamwamkia mzee, akaitika marahaba ya uchungu. Akasema, "Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Lakini mumeo amenimaliza. Nitachukua vyombo vya humu ndani, nitachukua ng'ombe wenu walioko Samuye, na nyumba hii nitaiombea mahakamani iuzwe."

Baba Kulwa alitoka ndani akakaa chini sakafuni, mwalimu mzima. Nikajua amerudi kwenye lile zizi la baba yake. Wanangu walikuwa wamesimama nyuma yangu wameshika gauni langu, na nje Mama Shija na wenzake wamejaa. Ndugu zangu, niliona nyumba yangu inaondoka mbele ya macho yangu.

Yule wakili akamwambia mzee asubiri. Akasema mkataba umesainiwa na kampuni, kwa hiyo anataka kwanza kujua kama kampuni na nyumba hii ni vitu viwili kweli au ni kitu kimoja chenye majina mawili. Akavuta kigoda akaanza kuniuliza.

"Pikipiki ya kampuni inalala wapi?"

"Si hapa. Sijawahi kuiruhusu."

"Ada ya watoto inalipwa na nani?"

"Na cherehani hii, na mshahara wa mwalimu."

"Hakuna siku kampuni ilinunua hata unga?"

Hapo hasira zangu zote zikapanda. Nikamwambia, "Mama, huyo Kabula hajanunua humu hata chumvi! Samaki wake nilimfukuza mlangoni. Kaulize kwa fundi redio."

Akaenda kweli, akauliza, akapitia taarifa za benki, akarudi. Akamwambia mzee, "Nyumba nyingi ninazoingia nakuta kampuni ndiyo inapika na kufua. Hapo naingia nachukua, na mahakama inanisikia. Hapa sina mlango. Tuchukue vya kampuni." Kisha akanigeukia akaniuliza ni nani aliyetufundisha kutenganisha mambo namna ile, maana hata wasomi wanashindwa. Nikamjibu ukweli, kwamba hakuna aliyenifundisha, nina wivu. Alicheka hadi akavua miwani. Mzee Hamisi hakucheka, na sikumlaumu.

Wakachukua vya Kabula vyote. Pikipiki, mizani, vifaa vya kupimia, kompyuta, na fedha yote iliyokuwa benki. Baadaye Baba Kulwa akafuata taratibu za kuifunga kampuni, ikafutwa. Nikaenda mwenyewe kufagia kile chumba kwa fundi redio tukabidhi funguo. Palikuwa na kiti kimoja kibovu na alama ya kibao ukutani. Ndugu zangu, nilikaa kwenye kile kiti nikalia. Nilikuwa nimemwombea afe, na amekufa, na amekufa akiwa amesimama kati ya mdai na watoto wangu. Mimi niliyemnyima hata mahali pa kulaza pikipiki! Alipigwa yeye, sisi tukabaki na paa letu. Tangu siku ile, Mchungaji akihubiri kwamba kuna Mmoja aliyesimama mahali petu, mimi sihitaji kufafanuliwa.

Mzee Hamisi hatukumwacha. Baba Kulwa alimwendea akamwomba radhi, na kila Jumamosi yupo kule anamsaidia kuchenjua upya, safari hii amepima pande zote za rundo. Halipwi. Dhahabu imeanza kutoka, si nyingi, lakini inatoka. Wiki iliyopita mzee alipita barazani kwangu, nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaacha kitambaa nimshonee kanzu.

Basi namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliokuja kukaa nasi siku zile bila kuuliza maswali. Na wewe uliyekaa hapo unajiona una tabia mbaya kiasi kwamba Bwana hawezi kukutumia, nakuomba usiondoke leo. Njoo nayo hivyohivyo ilivyo, umkabidhi. Mimi nilimletea wivu, akautumia kujenga ukuta.

Nina ombi moja nikae. Baba Kulwa ameanza kusajili kampuni nyingine. Nimeshatia saini, na jana nimemwona ananyoosha shati. Kwa hiyo, wapendwa, niombeeni upole, niombeeni usingizi, lakini tafadhali, kwa ajili ya watoto wangu, msiombe wivu huu uishe wote. Amina.