Kilo za Shaba za Mwanangu

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha dobi, na asubuhi ile nililifikia mbio, mtoto mgongoni, mbeleko nusu imefunguka, nikimtafuta mwenye nyumba wetu maana kahawa ya pale haimpiti. Mwizi alikuwa amekata waya wa ethi, ule mnene wa shaba unaoshuka ukutani na kuzama ardhini, na tangu hapo bomba la uani linapiga shoti, mimi limeshanirusha mkono, na mwanangu ndiyo kwanza ameanza kutambaa, kila kinachong'aa anakitaka. Nikamkuta na wenzake wa benchi, wanabishana.

Redio, waliyempa jina hilo kwa sababu hazimiki, alikuwa na gazeti. Limeandika eti nchi za wenzetu kila mtu anatumia makilo ya shaba kwa mwaka, sisi tunaambulia gramu. Nikamwamkia mwenye nyumba, shikamoo babu, akaniinulia kiganja nisubiri, kwanza wamalize mambo ya dunia.

Dobi akasema sababu ni pasi, wenzetu kila mtu anazo mbili, ya suruali na ya shati. Redio akamwambia aache ushamba, huo ni mgawo, kila binadamu amepangiwa shaba yake, na yetu kuna watu wanajipangia foleni kwa majina yetu wanaichukua. Mimi nimefika kidato cha nne, najua wastani ni kugawanya tu, nikataka kusema, ila akili yote iko bombani. Dobi naye hakukubali kushindwa, akadai wenzetu hao wanazikwa na shaba zao, ndiyo maana hazirudi sokoni.

— Wanahesabu vichwa, mwenye nyumba akakata shauri. Hata kichanga ana kilo zake.

— Hata huyu wangu? nikauliza, nikamgeuzia mgongo amwone.

— Huyo hasa. Anadai tangu siku aliyozaliwa.

— Basi babu, katika hizo zake naomba waya wa ethi tu, wa kutoka ukutani mpaka chini. Nani atanipa?

Redio akakunja gazeti. Dobi akakumbuka kuna shati la mtu ndani. Mwenye nyumba akachungulia kikombe, akasema fundi atakuja wiki ijayo, na kwani huo umeme ni mwingi kiasi gani, mbona wapangaji wengine hawalalamiki.

— Wengine wanavaa viatu, babu. Huyu anatambaa.

Sijui ujasiri ulitoka wapi, nikafungua mbeleko nikamketisha mtoto mapajani mwake.

— Mpaka hiyo wiki ijayo, atatambaa hapa kwako. Uji hanywi ukiwa wa moto, na akishika ndevu haachii.

Nikaondoka kama mtu mwenye safari. Sijafika hata kona, nikamsikia anamwita fundi, kwa sauti ya mtu aliyekojolewa.