Mwalimu Jotham Khisa Wekoye na Majina ya Waanzilishi

Mwalimu Jotham Khisa Wekoye alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Endebess, kwenye shamba la mzungu ambako baba yake, Mzee Wekoye, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Mwaka wa 1965 Mzee alipata ardhi hapa Tongaren, akahamisha familia.

Alisoma hapa kijijini, kisha Bungoma, kisha chuo cha ualimu. Mwaka wa 1981 alipata nafasi ya kusoma historia Marekani, jimbo la Oregon. Kule walimsomea sifa za waanzilishi wa jimbo hilo, watu waliosafiri miezi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakafyeka misitu na kujenga miji. Alifurahi sana, kwa sababu Mzee alikuwa akisimulia Tongaren vivyo hivyo. Halafu akaingia maktaba akasoma yaliyobaki. Mwaka wa 1844 waanzilishi hao walitunga sheria kwamba mtu mweusi asiyeondoka achapwe viboko. Mwaka wa 1851 mahakama ilimfukuza Jacob Vanderpool, mfanyabiashara mweusi, kwa sababu ya rangi yake tu. Mwaka wa 1857 wapiga kura waliukataa utumwa, na katika kura hiyo hiyo wakamkataza mtu mweusi kuingia. Jotham alitoka nje akatapika kwenye maua. Mama aliyempangisha chumba, mtu mwema, alimwambia, "Hayo ni ya zamani."

"Mbona basi hamyasemi?" akamuuliza.

Alirudi akafundisha historia Kiminini na Tongaren hadi 2011. Kila darasa lake lilimjua Vanderpool, ingawa hayumo kwenye silabasi.

Mwaka wa 1986 alimuoa Lenah, binti wa Kiminini. Siku ya kwanza ukweni aliheshimiwa kwa firigisi ya kuku, kipande anachopewa mgeni wa heshima. Wakati huo huo mjomba mmoja akawa anajisifu jinsi alivyosogeza mpaka wa jirani. Jotham aliisukuma sahani. Wazee walinuna, lakini jikoni Lenah alicheka akasema, "Huyo ndiye wangu."

Mwaka wa 2022 kamati ya kijiji iliamua kusimamisha jiwe lenye majina ya waanzilishi wa Tongaren, ikamwomba Mwalimu aandike historia ya kusomwa siku ya kulizindua. Aliandika kwamba kulikuwa na watu hapa kabla yetu. Aliandika kwamba mwaka wa 1968 nyumba ya mmoja wao, Mama Phelista, mjane mwenye mtoto mchanga, ilichomwa ili ahame, na mmoja wa waliobeba moto alikuwa Mzee Wekoye.

Mwenyekiti, Bwana Festus, alimfuata nyumbani. "Mwalimu, si uache hiyo maneno ya moto, bana. Ati utamtukana babako mbele ya watu?"

"Basi toeni jina lake kwenye jiwe."

"Hiyo haiwezekani."

"Basi nitasoma."

Alisoma hadi wakamnyang'anya maikrofoni. Jiwe likabaki na majina yote. Ndugu zake wawili waliacha kumsalimia. Tangu siku hiyo alizunguka kupitia mtoni ili asilione. Alisema linamtia kichefuchefu, na kwamba kinachomchukiza zaidi si ule moto bali wanaopiga makofi leo. Kisha alikata ekari moja ya urithi wake, akamrudishia Mama Phelista pamoja na hati. Watu walipoiita zawadi, alikasirika. "Hakuna aliyempa kitu. Amerudi kwake."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Bwana Festus alikuja na matunda, akataka kuomba. Mwalimu aligeukia ukutani. "Lenah, fungua dirisha. Kuna harufu." Alifariki tarehe 9 Februari 2025 hospitalini Bungoma, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane wake Lenah, watoto wake Vivian na Bethwel, wajukuu wanne, ndugu zake wawili, ambao tunashukuru wamekuja, na Mama Phelista, aliyeketi hapa mbele pamoja na familia kwa sababu Mwalimu aliagiza hivyo.

Apumzike sasa. Kazi ya kuchukizwa atuachie sisi.