Breki Hakuanzia Kwenye Usukani

Ndugu waombolezaji, majirani, madereva wenzake marehemu, na nyinyi wageni mliokuja na kamera, familia iliombwa jana jioni kwamba historia hii ianzie mwaka 1990, marehemu alipopata kazi ya udereva katika nyumba ya mhandisi, na ya nyuma yaachwe, eti ni marefu na watu watachoka, na familia inajibu hapa mbele yenu kwamba mtu hazaliwi ameshika usukani, kwa hiyo atakayechoka achoke, viti vipo.

Marehemu, ambaye hata mkewe alimwita Breki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba kimoja nyuma ya machimbo ya kokoto, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, baba akiponda mawe, mama akifua nguo za watu, na alizaliwa mkubwa kiasi kwamba mkunga aliuliza kama humo ndani kumebaki kitu, maana ukoo huu, tuseme kweli bila kujisifu, haujawahi kutoa mtoto mwembamba wala mwoga. Baba alifukiwa na kifusi machimboni tarehe 2 Juni 1967, akatolewa siku ya pili.

Shule alianza Januari 1966, na kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa na jozi moja ya viatu vya watoto, mdogo wake alipoanza kusoma zamu ya mchana, yeye wa asubuhi alimsubiri getini saa sita, akavua, mdogo akavaa vikiwa bado na joto la mwenzake, mkubwa akarudi nyumbani peku juu ya kokoto, na mdogo huyo ndiye anayewasomea karatasi hii, kwa hiyo asije mtu kusema ni hadithi ya kutunga. Mama alipougua mwaka 1970, Breki aliacha shule darasa la tano, akaenda kuponda mawe palepale alipofia baba, na usiku wa baridi ndugu hao wawili waliegemea ukuta wa nyuma wa kiwanda cha mikate, kwa sababu tanuri lilikuwa upande wa pili, wakaota joto na kushiba harufu.

Vijana mnatazamana, na mna haki, maana haya mmeyasikia, mmeyacheza, wengine mmeyaandika mgongoni mwa fulana, subirini kidogo.

Mwaka 1976 alikuwa utingo wa lori, leseni akaipata tarehe 14 Agosti 1981, na kwa miaka yote ya barabarani hakugonga mtu, wala ukuta, wala kuku, ndipo madereva wakampa jina hilo tunalomzika nalo. Tarehe 5 Novemba 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye alikuwa amemkataa mara mbili, mara ya tatu akasema, "Haya, lakini hilo lori lako lisilale mlangoni kwangu," wakajaliwa watoto watatu, mmoja fundi umeme, mmoja muuguzi, mmoja mwalimu.

Ndipo Februari 1990 akaajiriwa kwa mhandisi, kumpeleka shule mtoto wa pekee wa nyumba ile, wa miaka sita, katika shule ya kulipia ambayo ukiingia getini unadhani umepotea umeingia hoteli, yenye bwawa la kuogelea, farasi wa kupanda, mwalimu wa fidla, na kitambaa cheupe cha kufutia midomo kwa kila mtoto. Miaka kumi na miwili mtoto alikaa kiti cha nyuma akisema, "Breki, leo nipe ile ya ukuta wa mikate," au, "Nipe ya viatu," naye akampa, kama mtu anavyompa mtoto peremende, kwa sababu nyumba ile ilikuwa kubwa na mtoto hakuwa na wa kucheza naye, na Breki alimpenda, hilo hatulifichi.

Mwaka 2009 mtoto huyo alitokea redioni akijiita Mwana Jalala, anaimba jozi moja ya viatu aliyogawana na mdogo wake, ukuta wa mikate, na baba aliyefukiwa na kifusi, wakati baba yake siku hiyo alikuwa uwanjani anacheza tenisi. Mtoto wa pekee, huyo mdogo wa kupokezana naye viatu alimtoa wapi, au alikuwa farasi? Akaenda kwenye televisheni akalia machozi, hata kusema akajifunza upya, akavunja maneno aliyolipiwa ada kuyanyoosha, na nchi nzima ikalia naye.

Breki alicheka, akasema, "Mwacheni mtoto, amezipenda," akaendelea kucheka mpaka tarehe 12 Desemba 2015, harusi ya binti yake mwalimu, aliposimama kuwausia maharusi, akaanza na viatu, kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, hiyo ni ya Mwana Jalala, tunga yako!" Ukumbi ukaangua kicheko, mtu akamvuta koti, "Kaa, mzee, kaa," akakaa, na tangu siku ile hakusimulia tena, hata kwa wajukuu. Mtu akiibiwa nyumba atajenga nyingine, utoto ataujenga wapi?

Aliugua figo kuanzia Machi 2021, akavumilia, akafariki hospitalini tarehe 6 Februari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana Mwana Jalala alikuja nyumbani, akamwambia mjane, "Mama, Breki nilimpenda kuliko baba yangu, lakini hayo ya utotoni myaruke, mashabiki wakijua nimekwisha." Mjane alikuwa anapiga pasi suti ya marehemu, hakuinua kichwa, akasema, "Mwanangu, mwenzio alikwisha siku ile ukumbini, na hakuja kulia mlangoni kwako. Kesho njoo, ukae, usikilize." Amekuja, yuko safu ya tatu na miwani ya jua humu ndani, hatumfukuzi wala hatumtukani, kusoma shule nzuri si kosa, wapo waliosoma huko wakatibu watu na kujenga madaraja, kosa ni kumvua mtu utoto wake ukauvaa wewe, halafu mwenyewe akionekana nao aitwe mwizi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, majirani mliopika na kukesha, na madereva mlioyaacha malori yenu yamejipanga barabarani yamezimwa. Wimbo ule endeleeni kuuimba, ni mtamu, ila mtoto akikuuliza ni maisha ya nani, usimdanganye, umeshajua.

Kaka, safari hii umesema mpaka mwisho, na hakuna aliyekushika koti. Pumzika kwa amani.