Tonge Yenye Nilimunyanganya Mutoto

Batata na bamama wa chama yetu ya benye kupima sumu, nawasalimu. Tukikutana hapa tunaongea sumu ya bengine. Leo niko na yangu, ilikuwa mu kichwa.

Munajua kazi yangu: mu labo, napima metali mu damu ya batu ba Kasulo na Musonoi, mitaa ya migodi. Siku moja nilitoka kazini, nikakuta binti yangu anacheza mu vumbi, roho ikaruka. Tangu pale, bandugu yangu, sikupumuzika tena. Nafagia, napangusa, nafagia tena. Mboga naosha mpaka inakosa ladha. Bwana yangu akauliza: "Mama, sasa tutakula nini, upepo?" Musicheke. Hata upepo nilikuwa naiogopa.

Mama mukwe yangu, mujane, analima sombe, majani ya muhogo, kule Musonoi, karibu na mahali bachimbaji banaosha mawe. Tulikuwa kule, mu matanga ya mutoto wa jirani yake. Akamupatia binti yangu bukari, ndiyo ugali, na sombe. Mi nikaruka, nikamunyanganya mutoto tonge mbele ya batu bote.

Batu ba matanga bote bakamugeukia mama mukwe. Kwetu, ukikataa sahani ya mama muzee siku ya kifo, umeshamwita mulozi, muchawi mwenye aliua. Kesho yake hakuna jirani alikuja kuomba moto kwake. Bijana bakaanza kupita pa mulango yake na kutupa maneno. Mujane anafukuzwa na mawe kwa bitu bidogo kuliko ile. Sikulala.

Nikakuja kwenu, nikalia. Hamukuniambia "tulia". Mulivaa blusi nyeupe ya labo, mukaenda Musonoi, mukachukua udongo, maji na majani, mukieleza majirani kama sumu yenye tunatafuta inatoka mu mawe, haitoke mu mukono ya ule mama. Majibu ikatoka: sombe ya pa mufereji ya maji ya bachimbaji ilikuwa mubaya kweli, tukaing'oa. Ya nyuma ya nyumba ilikuwa sawa.

Akapika ile ya nyuma, akaniwekea mi, pa lupango, mu kiwanja ya nyumba yake, majirani banaangalia. Nilikula yote nikiwa naogopa. Akaniangalia mpaka mwisho, akasema: "Sasa lete mutoto."

Asanti kwenu, bandugu. Woga haijaisha, sitawadanganya. Lakini mi nawaambia, sisi benye kupima sumu: ukianza kuogopa, uilete ile woga hapa tuipime pamoja. Mi niliipima peke yangu, na kidogo ingeua mama ya bwana yangu.