Kikombe Kilichofunikwa

BIBI: Haloo? Nani mwenzangu?

MJUKUU: Bibi, si wewe uliyepiga?

BIBI: Ndiyo, nahakikisha tu. Mke mwenzangu?

MJUKUU: Ni mimi. Shikamoo. Nini hicho kinagongagonga?

BIBI: Marahaba. Kifuniko cha birika, maji yanachemka. Ngoja nikiondoe... Haya. Nimekuamsha?

MJUKUU: Hata. Napiga pasi blauzi. Kuna mgonjwa? Maana hakujakucha—

BIBI: Hakuna mgonjwa. Usaili ni leo?

MJUKUU: Saa tatu. Makumbusho wanataka mtu mmoja, tumeitwa sita. Kila mmoja aeleze utafiti wake wa chuo.

BIBI: Kile kikombe.

MJUKUU: Kile kile. Kwamba zamani mtu akisafiri, kikombe chake kinafunikwa mpaka arudi. Baba aliyesema anthropolojia ni shahada ya umbea, leo atanyamaza. Bibi? Mtandao unakata—

BIBI: Haukati. Ni mimi. Mama, kikombe kile nilikifunika kwa sababu ya mijusi.

MJUKUU: Unasema?

BIBI: Mijusi. Wa darini. Siku ile ulikuja umekonda, mwalimu amekurudishia kazi mara ya pili. Ukawa unauliza hata ndoo imekaaje pale. Ulipofika kwenye kikombe nikaona macho yako, nikasema ni cha msafiri. Ukaandika, ukatabasamu. Ulikuwa hujatabasamu tangu ufike.

MJUKUU: Lakini mshonaji jirani alinieleza hivyo hivyo. Na Fundi Saa wa pale mtaani.

BIBI: Mshonaji nilimwendea jioni, nikamwomba asiniangushe. Fundi Saa yeye alinogewa, akaongeza lile la kijiko kulazwa juu ya kifuniko. Nilimgombeza sana.

MJUKUU: Kijiko nimekiandikia sura nzima, Bibi.

BIBI: Najua. Nilikisoma kitabu chako chote, polepole, na miwani yangu. Ukurasa wa kwanza umenishukuru. Tangu hapo usingizi wangu si usingizi.

MJUKUU: Miaka miwili. Mbona leo ndio—

BIBI: Nilidhani ni mtihani tu, ukifaulu yamekwisha. Sikujua kuna watu huajiri kwa kikombe.

MJUKUU: Huajiri, Bibi. Mwenzangu mmoja yuko hospitali, anawasaidia madaktari kuelewa wagonjwa wanavyoeleza maumivu. Mwingine yuko kiwanda cha sabuni, anakaa uani kwa watu kutazama wanavyofua. Mimi nimefanya vibarua vya kuuliza watu maswali ya maji, mlango kwa mlango, mpaka soli zimeisha. Hii ndiyo nafasi yangu ya—

BIBI: Ndiyo maana nimepiga. Usiingie mle na uongo wangu ukidhani ni mali yako.

MJUKUU: [anavuta kamasi]

BIBI: Unalia?

MJUKUU: Hapana. Bibi, na mimi nikwambie. Nilipokuwa nasikiliza niliyorekodi, wewe na mshonaji mlisema neno kwa neno. Hata mlipopumzika ni pale pale. Tulifundishwa, watu wawili wakisema hivyo, rudi ukaulize.

BIBI: Hukurudi.

MJUKUU: Nilitaka kumaliza.

BIBI: Kumbe waongo tulikuwa wanne.

MJUKUU: Ndiyo sababu sijaja nyumbani. Si kazi nyingi kama nilivyokuambia. Niliogopa ningekuuliza, nawe ungenijibu.

BIBI: Na mimi nikasema mtoto amegundua, amenichoka.

MJUKUU: Jamani, Bibi.

BIBI: Sasa utawaambia nini?

MJUKUU: Sijui. Nikisema ya msafiri, labda watanichukua. Nikisema ya mijusi... Wewe unaonaje?

BIBI: Mimi nilishakuchagulia mara moja, mama. Sirudii.

MJUKUU: Nitasema ya mijusi. Na kwamba niliona, nikanyamaza.

BIBI: Wakikucheka?

MJUKUU: Wacheke. Ila jina lako—

BIBI: Litaje. Na la mshonaji, ameniruhusu. Alilia jana. La Fundi Saa usiulize, yeye atajisifu.

MJUKUU: [anacheka] Bibi, salio lako litaisha, acha nikupigie mi—

BIBI: Kunywa chai kwanza. Usiende na tumbo tupu. Na wakikukataa usijifungie ndani. Njoo tena kwangu, mke mwenzangu, wakikuchukua au wasikuchukue. Njoo tu, ni— [salio linaisha, simu inakatika]